Shimo Huku, Mlima Kule

Miaka thelathini na moja
Mwalimu Nandonde amechora mlima mmoja ubaoni:
pembetatu, bomba katikati,
chaki nyekundu kwa zaha, nyeupe kwa moshi,
na watoto wa Newala wakanakili,
vidole vina utomvu wa mabibo,
nyayo zina mchanga usiowahi kuungua.
Mlima wenyewe hajauona.
Aliniambia juzi, umeme umekatika,
kwa sauti ya mtu anayekiri deni la dukani.

Basi mafao yalipoingia
sikumpa nafasi ya kutaja mabati.
Nilitoa daftari la hesabu za vitumbua,
nikaligeuza nyuma, penye ukurasa safi,
nikaandika: NGORONGORO.
Akachukua kalamu
akasahihisha mwandiko wangu.

Newala hadi Masasi, alfajiri.
Masasi hadi Dar, siku imekwisha.
Kulala Mbagala kwa Fabiani
(mkamwana asituulize tunarudi lini).
Dar hadi Arusha. Arusha hadi Karatu.
Gari la kushukia kasokoni:
hapo akaweka alama ya kuuliza,
kubwa, kama ndoano.
"Tuchangie na wageni," nikasema.
"Tutazungumza nao nini?"
"Magoti. Kila mtu ana magoti."

Kiingilio cha mwananchi, kitambulisho cha taifa.
Changu kinasema Elutelia, kwa L,
na picha ni ya mwanamke aliyekasirika.
Getini watanikubali?
"Watakukubali," akasema bila kuinua macho,
"picha haijakosea."

Makoti mawili ya mnadani.
Korosho, tubangue wenyewe.
Ming'oko ya kuchemsha, chumvi kwenye karatasi.
Maji, madumu mawili.
Akacheka: huko maji yapo, ziwa lipo mle mle ndani!
Sikufuta.
Mwanamke aliyekulia juu ya uwanda huu,
aliyehesabu ndoo kabla ya kuhesabu shilingi,
haondoki kwake akitegemea maji ya kuambiwa.

Kisha akanong'ona, kama anayeongeza nyama kwenye sahani:
"Upo na mwingine, mbele kidogo. Ungali hai.
Wamasai wanauita Mlima wa Mungu."
Nikaweka kalamu chini.
Sisi hapa tuna Shimo la Mungu,
mwendo wa kumaliza muwa mmoja kutoka sokoni.
Wao wana Mlima.
"Kwa hiyo," nikamuuliza, "alichimba huku
akaenda kumwaga kule?"
Akainua kidole, kile cha chaki,
akafungua kinywa, akakifunga.
Miaka thelathini na moja, swali hilo
hakuna mtoto aliyemuuliza.

Jumapili baada ya misa tukaenda Shimoni
kujaribu makoti, na goti lake la kulia.
Ukungu ulikuwa unapanda, tukakohoa kidogo.
Alishuka hatua kumi na mbili, akashika mti.
"Goti hai, lililolala, au lililokufa?"
"Lililolala," akasema. "Usiliamshe."
Chini kabisa bonde, na mbali Ruvuma,
uzi uliodondoka kwa fundi cherehani,
ng'ambo yake Msumbiji, bluu.
"Hapa hapakuwa na moto," akaanza.
"Ukingo huu umeliwa na maji. Kidogo kidogo."
"Nani aliona?"
"Hakuna. Ndiyo maana unafundishwa."

Usiku nikapiga jumla.
Jumla ikatutazama.
Nikaufuta Mlima wa Mungu.
Asubuhi nikaukuta umerudi,
kwa penseli, herufi ndogo,
na pembeni: *vitumbua, wiki sita?*
Wiki sita! Nani atakayekanda?
Lakini nilipokuwa nafua koti lake
mfukoni nikagusa kitu kigumu,
kipande cha chaki nyekundu, urefu wa jino.
Sikumuuliza ataandika wapi,
juu ya jiwe gani.
Nikakirudisha, koti likikauka,
nikaongeza mstari wa mwisho:

Kuku, kwa Somoe. Jogoo asichinjwe.
Unga wa ngano, kilo ishirini.